Vilango vya Neva za Dada

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Leo daktari ametufafanulia maradhi ya dada yangu, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Kila seli ya neva ina vilango vya potasiamu. Neva ikisisimka, chaji yake hubadilika. Vilango hufunguka, potasiamu hutoka, neva hutulia. Kisha vilango hujifunga. Vya dada huchelewa kufunguka. Akishtuka, neva hazinyamazi: mwili hutetemeka, naye hupepesuka. Daktari ameonya: asishtuliwe, asiharakishwe.

Binti yake ametangaza kwamba mama akianguka tena, atamhamishia kwake, safari ya siku mbili. Nami nibaki na nani? Haiwezekani! Mwalimu mkuu mstaafu nipo.

Jumanne, tarehe 4
Jawabu limepatikana. Ndizi! Zimejaa potasiamu. Nimemlisha dada saba, ya nane aliomba msamaha.

Seremala, jirani yetu, akaniuliza mbele ya dada: mlango umekwama, mwalimu, nawe unazidi kujaza watu chumbani? Akaongeza kwamba daktari hakulalamikia upungufu wa potasiamu. Dada alicheka. Mwezi mzima hakucheka kwa lolote nililosema mimi.

Alhamisi, tarehe 6
Vilango vilivyozembea vinahitaji mazoezi. Hoja hii haina dosari. Nikajificha nyuma ya pazia la jikoni, nikagonga sufuria. Mara moja tu, kwa adabu.

Alianguka. Paji la uso limepasuka. Akiwa sakafuni, anatetemeka mwili mzima, aliniuliza kama mimi nimeumia.

Seremala aliingia, akapiga magoti, akamshika mkono hadi ukatulia. Kazi isiyohitaji elimu yoyote! Niliwaangalia nikiwa nimesimama, mwiko mkononi.

Jumamosi, tarehe 8
Binti amekuja. Nilimweleza kila kitu, kwa utangulizi na hitimisho. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Dada aliniagiza nile vizuri, nisisahau kuzima jiko, nisigombane na seremala. Aliniita mdogo wangu, kama zamani akinifunga vifungo vya shati la shule. Gari likaondoka nao. Hotuba yangu ya kumuaga imebaki mfukoni.

Jumapili, tarehe 9
Nimepika chai ya watu wawili. Nimeinywa yote.

Nimetafakari kwa kina, na kosa nimelibaini: kelele. Tiba haitaki kelele, inataka furaha. Ijumaa nitasafiri hadi kwa binti bila kumtaarifu mtu. Nitaingia kwa mlango wa uani, ninyate hadi nyuma ya kiti cha dada, nimzibe macho ghafla kwa viganja vyangu viwili.

Hatatarajia kabisa!