Malalamiko Kuhusu Honi ya Injini ya Shaba na Sufuria ya Mama Awor

Osukuru, Tororo
Jumatano, kabla ya chakula cha tatu

Kwa Mzee Owori,
Dereva Mstaafu wa Gari Moshi na Mwenye Karakana.

Mzee wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia hali tuko boma moja, wewe kwenye kiti chako na mimi kwenye meza ya karakana, hatua kumi tu. Si dharau. Miaka thelathini juu ya injini za mvuke imekula masikio yako, na jana nilipokuomba ruhusa ya kwenda nyumbani Voi uliitikia kwa kichwa, ukanipa bisibisi. Mimi niliishia darasa la sita, lakini nimeona mambo mengine yanataka karatasi.

Kazi yetu unaijua, ila malalamiko rasmi huanza na maelezo. Bwana Phillip wa Busia alituletea injini ya mfano, shaba tupu, ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, tuitie sauti. Ndani ya boila napachika dikoda, kile kibao kidogo kama ukucha kinachobeba sauti zote za gari moshi. Kwenye behewa la maji naweka spika mbili, kila moja kama kifungo cha koti. Tulimwambia siku tatu. Hii ni wiki ya saba. Nawe ulisema sitapanda basi la Voi mpaka injini isikike sawa. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ukubwa wa sauti. Spika hizi ni za kusikika mezani. Wewe unaweka vidole juu ya boila, unafumba macho, unahesabu mipumuo: gurudumu likizunguka mara moja, minne. Ikiwa mitatu, unasema injini ni kiwete. Ikiwa mitano, imelewa. Hapo sina neno, vidole vyako vinasikia kuliko masikio ya watu wengi. Lakini kila tukimaliza unasema, "Ongeza. Hii ni mbu." Nimeongeza. Nimetoboa matundu chini ya behewa, nimezifungia spika kwenye kisanduku zisipoteze nguvu, na sasa mbu huyu anasikika hadi barabarani.

2. Honi. Honi iliyokuja na dikoda uliikataa, ukasema ni ya mtu asiye na kwao. Ukaniamuru niikate na kuiunga kwenye kompyuta mpaka iwe yako: milio miwili mirefu, na wa tatu unaopanda kisha unakatika, vile ulivyokuwa ukipiga treni ikikaribia nyumbani ili mkeo, Mama Awor, ateleke maji ya ugali. Sasa Mzee, mama wa watu ametelekea honi hiyo miaka thelathini. Mkono wake hufika kwenye sufuria kabla kichwa hakijauliza kama treni ipo. Nami kila nikigusa waya sharti nijaribu sauti. Jumatatu nilijaribu mara nane. Nilikula mara nane. Nilipomweleza kuwa ni majaribio tu, alinitazama kama anayemtazama mtoto mgonjwa, akasema, "Honi imelia, maji iko moto. Sasa nimwage?" Kwetu Taita sahani ya mama hairudishwi. Na chakula chenyewe si cha kuonja na kusukuma kando: ugali wa wimbi, samaki mkavu ndani ya karanga, na ile mboga yake ya kunde ambayo sitaieleza hapa kwa sababu hii ni barua rasmi.

3. Majirani. Bwana Oketcho ameshajua ratiba. Honi ikilia, yeye yuko mlangoni na mikono imeoshwa, anasema, "Nimesikia treni imeingia salama." Bwana Odoi anakuja na kijiko chake. Juzi nilikuwa nalehemu kimya kimya, sijagusa honi tangu asubuhi, Odoi akaniita kutoka kwenye ua, "Wewe fundi, leo treni imechelewa wapi? Iko na ajali?" Nikaomba radhi kwa niaba ya shirika la reli, Mzee. Mimi, ambaye tikiti ya treni sijakata tangu nizaliwe.

4. Vidole. Waya wa dikoda ni mwembamba kama unywele wa mtoto. Nilikuja hapa na vidole vya njaa, virefu, vya kufaa. Sasa ni ndizi. Wiki jana, baada ya chakula cha tano, usingizi ulinichukua nikiwa nimeshika waya. Nawe unajua shaba: mwili wote wa injini unapitisha umeme, waya uchi ukiugusa mahali popote, dikoda imekufa. Ikatoa moshi kwenye bomba la moshi hasa. Ukapiga makofi. Ukasema, "Sasa ndiyo imekuwa injini!" Mzee, ile ilikuwa dikoda ya pili.

5. Nyumba yangu. Ni miaka miwili sijafika Voi. Nilimtumia mke wangu, Juliet, picha yangu nikiwa kazini, ajue niko hai. Akajibu, "Huyu ni nani amevaa shati lako?" Nikamwambia ni mimi. Tangu hapo amenyamaza siku tisa.

Tazama mwenyewe, Mzee. Honi inaleta chakula, chakula kinanenepesha vidole, vidole vinaleta moshi, moshi unataka dikoda mpya, dikoda mpya inataka majaribio, na jaribio ni honi. Kwa njia hii nitazikwa hapa Osukuru, na jeneza litakosa kupita mlangoni.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwanza, honi ifutwe leo hii, au tuweke ya dereva ambaye hakuoa. Pili, nipewe ruhusa kuanzia Ijumaa, injini iwe kiwete au mlevi.

Msalimie Mama Awor, na sufuria yake kubwa, na ile ndogo. Msalimie Bwana Oketcho na Bwana Odoi. Waambie njia ya reli inafungwa kwa matengenezo.

Ni mimi, fundi wako mnene,
Mwakio

Nyongeza: Nilipofika jambo la nne nilipiga honi kidogo, kuhakikisha malalamiko yangu ni ya kweli. Ni ya kweli. Leo ni kunde. Pia nakiri kwamba injini iko sawa tangu jaribio la kwanza la Jumatatu, minne kamili kila mzunguko. Yale saba yaliyofuata siwezi kuyatetea kwa maandishi. Basi honi usiifute. Nimeinakili kwenye simu yangu. Nikifika kona ya nyumbani Voi nitaipiga, miwili mirefu na wa tatu unaokatika, nione kama Juliet atateleka. Asipoteleka, wiki ijayo Mama Awor atasikia treni ikiingia, hali injini imeshakwenda kwa Bwana Phillip. Mwambie asiogope. Ni mimi niko langoni, na maji asimwage.