Mama Amisa Apigania Kromu ya Chevrolet Mbele ya Sufuria ya Maharagwe

Sogeeni, enyi watu wa stesheni na enyi watu wa Base, kambi ya jeshi! Wachuuzi, wekeni mizani chini, na mwenye usingizi aufukuze. Maana leo zasimuliwa habari za Mama Amisa binti Dunia, Mlinzi wa Kromu, Asiyebadilisha Nati, mjane aliyeendesha Chevrolet ya mwaka hamsini na saba ndani ya Kamina kana kwamba barabara ilitengenezwa kwa ajili yake peke yake.

Gari hilo, jeupe juu na la buluu chini, liliteremshwa kutoka kwenye treni kabla nchi haijaitwa Zaire, na tangu hapo halikuonja rangi nyingine wala skrubu ya kigeni. Mumewe alipozikwa, Zuberi, mdogo wa marehemu, Mwenye Macho ya Soko, alitangaza mbele ya ukoo: gari ni la mjane maadamu li kamili kama lilivyokuja, likipungukiwa na kitu kimoja tu, yeye atalikata paa na kulibebesha samaki wa Bukama.

Basi Ijumaa moja, Zuberi akiwa ametuma neno kwamba atakuja kulikagua baada ya sala ya alasiri, Mama Amisa akalizunguka gari lake, na tazama! Gurudumu moja la nyuma li uchi. Kifuniko chake cha kromu, chenye kung'aa kama sinia la arusi, kilikuwa kimetoroka.

Hakulia. Aliliacha gari nyumbani lisije likapoteza na kingine, akafunga kitenge kiunoni, akaifuata kwa miguu njia aliyopita asubuhi, akavuka reli, hadi kwenye nyumba za wanajeshi. Huko, kwa Albertine, mke wa sajini Bokungu, akakiona: kimekaa juu ya sufuria ya maharagwe, kinafuka mvuke.

"Sitwayeni Albertine, mwananchi mwenzangu," alinena kwa sauti ya jemadari, "kofia ya gurudumu yangu njo hii. Nirudishie!"

"Mama, nimeiokota kwenye reli," akajibu Albertine, mwiko mkononi kama mkuki. "Utaichukua. Lakini maharagwe hayajaiva. Ukifunua sasa, yatakuwa mawe, na bwana yangu akivunjika jino, weye utamupa la kwako?"

"Nitakuletea mfuniko mwingine!"

"Hata wa dahabu. Hakuna kufunua."

Mama Amisa hakubisha, kwa kuwa utotoni mama yake mzazi alimchapa kwa kosa hilohilo la kufunua maharagwe mapema. Alichuchumaa mbele ya mbabula, lile jiko la makaa, akatwaa kipande cha katoni, akapepea makaa. Lo! Moto ulinguruma, majivu yakamvamia kama jeshi lenye njaa, jasho likamtiririka hadi kwenye visigino. Na kila mkono ulipotaka kulegea, aliona paa jeupe likikatwa.

"Pepea, mama, pepea!" Albertine akamshangilia. "Kwetu Mbandaka ungeolewa tena leo leo!"

"Funga kinywa, leta makala, moto unakufa!"

Mwadhini akaita sala ya alasiri. Albertine akaiinamia sufuria, akaisikiliza kama daktari, akanusa, kisha, hatimaye, akafunua.

Mama Amisa alikiviringisha kifuniko cha gurudumu ndani ya kitenge, akakimbia hadi nyumbani. Alikipiga ngumi moja gurudumuni. Tak!

Vumbi halijatulia, Zuberi akawasili na Manassé, mchomelea vyuma, aliyeletwa kukata paa. Zuberi akapapasa taa, milango, magurudumu.

"Aii! Shemeki, hii iko moto! Zingine ziko baridi. Na inanuka maharagwe!"

"Ulisema kisikosekane kitu," alijibu mjane. "Hukusema kisinuke. Iko ao haiko?"

Zuberi akageuka kumtafuta Manassé. Manassé alikuwa tayari anafunga mfuko wa vyombo vyake.

"Iko," akasema Zuberi.

Kwa neno hilo moja, enyi mliosikia, paa liliokoka. Ijulikane Kamina, na Luena waambiwe: siku hiyo maharagwe yaliiva, na Chevrolet ikabaki Chevrolet.