Dakika Tano za Kuchukua Mtoto

Jumatatu, 15 Aprili 1996

Leo wamekaa wazazi kumi na mmoja. Watoto tunawafungulia saa sita mchana. Mzazi wa mwisho ameondoka saa nane na nusu. Nimeandika saa hizo mwenyewe, nikiwa nimejibanza dirishani.

Niweke mambo wazi, maana huenda siku moja shajara hii ikasomwa na watu wa maana. Mimi ni Anyosisye, Mkurugenzi wa chekechea hii ya Bondeni. Mke wangu Felista ndiye mwalimu. Anafundisha, anaimbisha, anapika uji, anafuta kamasi. Mimi naongoza. Shirika letu lilipouzwa na sisi watunza ghala tukapunguzwa, niliapa sitakaa bure. Na kweli sijakaa. Hakuna pa kukaa. Wazazi wamejaa kwenye mabenchi yote ya barazani.

Kinara wao ni Ridhwani, baba yake Badru. Duka lake liko ng'ambo ya barabara, hatua thelathini tu. Angeweza kumwita mwanawe kwa mluzi. Lakini lazima aje, akae, asimulie. Amerudi kutoka Dar es Salaam wiki iliyopita, basi siku ya tatu leo ni televisheni tu: eti mtu anakaa sebuleni kwake anatazama mpira unaochezwa Ulaya. Watu midomo wazi. Mama Samira, yule Fatu anayeuza vitenge sokoni, kauliza kama wale wachezaji nao wanatuona.

Nikaona nami nichangie. Nikaanza kisa cha magunia arobaini yaliyopotea ghalani mwaka themanini na saba. Sijafika gunia la pili, Mzee Ambwene akaniomba kwa heshima nisogee kidogo, namzibia upepo.

Namzibia upepo! Kwenye baraza langu!

Huyu mzee ni babu yake Lusungu. Asubuhi humleta mjukuu kwa baiskeli kutoka Makwale, anazunguka sokoni, halafu saa tano ameshafika kukaa. Saa tano! Mtoto mwenyewe bado anaimba.

Lazima waondoke. Ni suala la nidhamu. Halina uhusiano wowote na Ridhwani.

Jumanne, 16 Aprili

Mbinu ya kwanza: mabenchi. Saa sita kasoro nimeyafungia yote stoo. Watoto wameimba wimbo wa mwisho wamesimama. Felista kauliza, nikamwambia fundi anakuja kuyapigilia misumari. Kaniangalia.

Wazazi wakafika, wakatazama huku na huku. Mama Samira akaagiza mkeka kutoka kwenye meza yake sokoni. Mkeka mkubwa wa ukindu. Wakavua viatu. Sikuwa nimefikiria jambo moja: kwenye benchi mtu hukaa, kwenye mkeka hujinyoosha. Mzee Ambwene kalala akakoroma. Ridhwani kavuka barabara, karudi na chupa ya kahawa ya tangawizi.

Wa mwisho: saa tisa na dakika kumi. Mimi nimesimama muda wote. Mkekani hakuna aliyesogea.

Jumatano, 17 Aprili

Mbinu ya pili: maji. Saa sita kamili nimemwaga ndoo nne barazani, na ya tano ina mafuta ya taa. Harufu ya kumfukuza hata nzi. Nikawaambia napiga vita mbu.

Wamefurahi. Mama Samira kasema ni aibu Mkurugenzi kudeki peke yake wakati wao wapo. Wakajifunga khanga viunoni. Wamedeki baraza, wamefagia uwanja, wamefyeka majani nyuma ya choo. Halafu wakapumzika kwa sababu wamechoka. Felista kawapikia chai, kwa sukari yetu.

Wa mwisho: saa kumi na robo. Mimi niliteleza nikaangukia kiuno. Ridhwani ndiye aliyeninyanyua, na akawasimulia wenzake nilivyoanguka, ingawa wote walikuwepo na waliona.

Alhamisi, 18 Aprili

Ushindi!

Nimebandika karatasi mlangoni, kwa herufi kubwa na wino mwekundu: KWA AMRI KUTOKA JUU, MZAZI AKIFIKA AMCHUKUE MTOTO NDANI YA DAKIKA TANO NA KUONDOKA. HAKUNA KUKAA, KABLA WALA BAADA. Juu wapi, sikufafanua. Nimetundika pia rimu ya gari, nimeigonga kwa nondo saa sita kamili.

Watu wa hapa wanaheshimu amri. Mzee Ambwene kasomewa karatasi mara mbili, kavua kofia, kasema kama ni amri ni amri, ndaga, asante kwa kutujulisha. Saa sita na dakika tano baraza tupu.

Nikatoa benchi. Nikakaa. Upepo mzuri, kweli unapita pale pale aliposema mzee.

Saa sita na nusu nikasikia kicheko. Kumbe wote wamehamia kwenye baraza la duka la Ridhwani. Kwa umbali ule maneno hayasikiki, kicheko tu. Nimejiapiza kutotazama tena upande ule. Felista naye hataki kuongea. Kasema tu kwamba amri hiyo ni ya ajabu, na bila wazazi kukaa inamwia vigumu kujua mtoto gani alikohoa usiku.

Ijumaa, 19 Aprili

Naandika nikiwa nimevaa khanga ya Felista. Nguo zangu zote zimelowa.

Mvua imeanza alfajiri na haikupumzika. Saa nne ikaja habari kutoka Njisi kuwa mama mkwe ana homa. Felista akaondoka, akaniachia watoto kwa mara ya kwanza. Akaniambia nikipata shida nimuulize Mama Samira. Nikasema Mkurugenzi hapati shida.

Saa sita nikagonga rimu. Kwa kelele za mvua kwenye bati sidhani hata mimi niliisikia. Wazazi wakaja mbio wamejifunika nailoni, wakachukua watoto. Ridhwani alikuwa msikitini, duka limefungwa, kwa hiyo Mama Samira akamchukua Badru pamoja na Samira wake. Mlangoni akageuka, akataka kusema kitu. Nikamwonyesha karatasi. Akaondoka.

Akabaki Lusungu. Saa saba, yupo. Saa saba na nusu, yupo, na ameanza kuniuliza babu yuko wapi.

Nikapiga hesabu. Amri imemkataza mzee kukaa. Basi atakuwa amerudi Makwale kungojea, na maji yamemkatia njia huko. Jibu safi. Nikamfunika mtoto koti langu la ghalani, nikamweka kwenye baiskeli, tukaenda. Upande wa duka la Ridhwani sikutazama. Mtu akijiapiza amejiapiza.

Kukiwa kukavu ni mwendo wa saa moja. Leo barabara ilikuwa mto. Sehemu moja maji yalinifika magotini, nikamweka Lusungu mabegani na baiskeli nikaisukuma. Tulianguka mara moja, mahali pa kina kifupi. Mtoto alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilishika ule mguu wake mdogo kwa nguvu mpaka akanilalamikia.

Makwale tumepokelewa na Bibi Tusekile, mke wa mzee. Nikamsalimia ugonile, nikauliza mzee. Akashangaa. Mzee hajarudi. Hajawahi kurudi kabla ya mtoto. Akasema atakuwa amekaa mahali, ndiyo tabia yake, na mimi nikae nile.

Nikakaa. Wali wa mchele mpya na samaki mbasa wa kukausha. Bibi akauliza zamani nilifanya kazi gani. Nikaanza kisa cha magunia. Akasema "enhee". Akasema tena "enhee". Akauliza gunia la kumi na saba lilikuwa la mchele au la sukari! Miaka tisa hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nimesimulia mpaka gunia la arobaini, na nikarudia sehemu ya meneja. Nilipoinuka ilikuwa karibu saa kumi na moja.

Njiani nikakutana nao. Ridhwani amevaa kanzu ya Ijumaa, imejaa tope mpaka mapajani, anasukuma baiskeli, na Mzee Ambwene yuko kwenye keria amemshika kiuno. Mzee alishuka kabla baiskeli haijasimama.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani kwenu, baba. Amekula. Amelala."

Mzee alikaa chini pale pale, kwenye maji. Akajifunika uso kwa mikono miwili. Nilingoja Ridhwani aseme chochote. Wiki nzima nimeomba anyamaze, na sasa amenyamaza, na sikuweza kumtazama. Alimnyanyua mzee taratibu, akampandisha tena kwenye baiskeli, wakaendelea kwenda kwa Bibi Tusekile.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeambiwa yote.

Mzee Ambwene hakuwa Makwale. Alikuwa barazani kwa Ridhwani, nyuma ya magunia ya chumvi, akingoja rimu kwa sababu amri inasema hakuna kukaa kabla. Akapitiwa na usingizi. Hatua thelathini. Alipoamka akaja, akakuta mlango wazi na hakuna mtu. Felista karudi saa tisa, kamkuta mzee analia mlangoni. Bondeni nzima imetoka kwenye mvua. Wameangalia mitaro. Wameangalia visima. Mtoto wa miaka mitano.

Mama Samira amekuja asubuhi. Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa afadhali.

"Nilitaka kukwambia mzee kalala pale dukani," amesema. "Ukanionyesha karatasi."

Kichwa kiliuma mpaka adhuhuri.

Felista kabandua karatasi, kaikunja, kauliza amri ilitoka juu wapi. Nikasema ni habari ndefu. Kasema hataki habari ndefu. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kwamba mama yake Lusungu alikufa mwaka juzi, na mzee hana anayemjua mjini isipokuwa pale barazani. Kwamba Mama Samira akikaa pale ndiyo saa pekee ya siku ambayo hauzi kitu.

"Kokote kwingine wakikaa, lazima wanunue kitu," kasema. "Hapa wanakaa tu. Ndiyo maana watoto wanaletwa kwetu, hukujua? Si kwa sababu ya uji."

Akaongeza kwamba kama Jumatatu hawaji, yeye atarudi kwao Njisi kulima mpunga, nami nitabaki kumwongoza nani.

Kweli nilikuwa sijui. Nilidhani ni kwa sababu ya uongozi.

Jioni nimekwenda kwa Ridhwani kuomba radhi. Nimeiomba vizuri, nimesimama. Kanipa kahawa. Kasema mtoto mzima, mzee mzima, yamekwisha, na kwamba kanzu inafulika. Halafu watu wakajaa, akaanza kusimulia siku ya jana. Anasimulia vizuri, nakiri. Alipofika pale nilipokuwa na mtoto mabegani katikati ya maji, watu walishika vifua. Alisema maji yalinifika magotini. Nikamsahihisha: kifuani. Akasema, naam, kifuani. Kwa mara ya kwanza watu walinisogezea kiti.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua imekatika. Nimetoa mabenchi yote, na kiti changu mwenyewe nimempa Mzee Ambwene. Asubuhi alimwacha Lusungu mlangoni akaenda zake, na saa tano hakufika. Saa tano na nusu hakufika. Felista alikuwa anaimbisha watoto huku anatazama barabara, na wimbo ukamponyoka mara mbili. Saa sita kasoro kumi nikasikia kengele ya baiskeli. Nyuma yake Mama Samira na mkeka. Nyuma yake wengine. Ridhwani amekuja na chupa mbili za kahawa. Mzee kaniletea mkungu wa ndizi kutoka kwa Bibi Tusekile, na salamu: anauliza lile la meneja liliishaje.

Nilihesabu wazazi kumi na wanne. Wa mwisho: saa kumi. Felista ameimba hata akiosha sufuria. Mimi nimefurahi, naandika hivi bila kuficha. Nimejifunza. Baraza ni lao mchana kutwa, na sitawagusa tena.

Kuna jambo moja dogo tu. Leo asubuhi, kwa kuwa sasa wananiona mtu mwema, watu sita walioleta watoto saa moja na nusu nao wakakaa. Wakanywa chai. Mpaka saa tatu. Hilo ni suala tofauti kabisa. Mchana nilikosea kwa sababu mchana watu wametulia. Asubuhi wana haraka, wanahitaji kukumbushwa tu.

Kwa hiyo nimesogeza saa ya ukutani mbele kwa dakika arobaini. Mzazi akiitazama ataona amechelewa sokoni, atakimbia mwenyewe bila kuambiwa. Hakuna karatasi, hakuna amri, hakuna anayeumia. Watoto nao watafunguliwa saa sita kamili kwa saa hiyo hiyo ya ukutani, kama kawaida.

Felista kauliza kama ile saa ni nzima. Nimemwambia ni nzima.