Nilivyompima Simbilisi wa Mama Kulwa kwa Ujuzi wa Shimoni

Jamani, leo nimeaibika. Na si aibu ya faragha. Nimeaibika mbele ya wauza dagaa, wauza nyanya, mwenyekiti wa soko, na mnyama asiye hata na mkia.

Mnanijua. Miaka ishirini na kitu nimezunguka machimbo. Geita, Bulyanhulu, kila niliposikia shimo limetema dhahabu, nami huyo. Mwezi uliopita nimerudi Kahama kwa dada yangu, hapa Nyasubi, nikiwa na begi moja na goti bovu. Dada akanipa chumba cha nyuma. Akanipa na sharti.

"Mdogo wangu, tafuta kitu cha kukushika nyumbani. Mifugo, bustani, mke, chochote. Ukiondoka tena safari hii, chumba nampa mpangaji."

Hakucheka aliposema. Dada yangu akisema neno bila kucheka, anza kukunja nguo.

Mke ni mchakato mrefu. Ng'ombe siwawezi. Nikaamua simbilisi. Kwa asiyewajua: ni vinyama vya jamii ya panya, vinene kama viazi, vina masikio madogo, havina mkia, vinakula majani siku nzima. Nyama yake nzuri, wanazaana, banda lake ni boksi tu. Sokoni kwetu anayewauza ni mmoja, Mama Kulwa. Ukikosana naye, huna simbilisi (kumbukeni hilo, mimi nililisahau).

Jana nilikwenda nikamchagua jike wa kahawia. Mama Kulwa akaniambia, "Huyu atazaa leo au kesho. Subiri, utachukua mama na watoto wake." Nikaona sawa.

Leo saa mbili asubuhi nikarudi.

"Mwangaluka, Mama Kulwa."

"Mwangaluka, baba. Njoo uone baraka."

Nikainama. Kwenye banda kulikuwa na watoto watatu. Wana manyoya mwili mzima, yamelala vizuri kama yamechanwa. Macho wazi. Mmoja anatafuna jani. Mwingine akanitazama, akaniona sifai, akakimbilia nyuma ya mama yake.

"Wamezaliwa lini hawa?"

"Alfajiri hii. Nimekuja kufungua, nikawakuta bado wabichi."

Alfajiri! Nikasimama wima, hata goti likashtuka.

Mimi nimekulia kwenye mashamba ya pamba. Mvua za kwanza zikinyesha, mimi na marehemu kaka yangu tulikuwa tunafukua mashimo ya panya kwa jembe bovu la baba. Ile harufu ya udongo mpya bado ninayo puani. Nimefukua viota vya panya kuliko nilivyofungua vitabu. Mtoto wa panya huzaliwa mwekundu, uchi kabisa, kipofu, hana hata jino. Halafu huyu mama ananiambia watu wenye macho na meno wamezaliwa alfajiri, na saa mbili wanapata kifungua kinywa?

Tena nina cheti cha kidato cha nne. Baiolojia nilipata D. (D ni ufaulu.)

Ndipo nikakumbuka shimo la Geita. Niliwahi kununua hisa kwenye shimo baada ya muuzaji kutuonyesha mawe yanayong'aa. Kumbe ile dhahabu ililetwa mfukoni, ikapakwa kwenye mawe ili tununue. Tulichimba miezi mitatu, tukapata vumbi. Tangu siku hiyo sinunui kitu bila kumtazama muuzaji mikono.

Nikamtazama Mama Kulwa mikono. Kashika mfuko wa plastiki wa majani. Akautikisa kidogo, chakacha. Simbilisi wote wakapiga mbinja kwa pamoja: "Wiii! Wiii!"

Nikajua. Wana ishara zao.

"Mama Kulwa," nikasema, "hili shimo limepakwa."

"Shimo gani?"

"Hawa watoto umewaleta. Wana wiki tatu hawa. Umewaweka hapa nidhani majike yako yanazaa, ninunue."

Akaweka mfuko chini taratibu. "Baba, umekunywa chai?"

"Usinibadilishie mada. Huyu mama yao ana chuchu ngapi?"

"Mbili."

"Na watoto?"

"Watatu."

"Ahaa!" Nikageuka kwa wauza dagaa. "Mmesikia? Chuchu mbili, watoto watatu!"

"Si wanapokezana," akasema muuza dagaa mmoja, mama mnene mwenye sauti ya spika. "Wewe kwenu mlikuwa wangapi?"

Tulikuwa tisa. Nikageukia banda.

Watu wakaanza kujaa. Pale kwetu, ukimwita mtu tapeli hadharani, jambo halibaki lenu wawili. Mtu akaenda kumwita mwenyekiti wa soko, Mzee Masanja. Akaja na miwani yake na kiti chake cha kukunja, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Akasikiliza pande zote bila kukunja uso. Halafu akasema neno zito.

"Utaratibu mnaujua. Ikithibitika kuna udanganyifu, Mama Kulwa anafunga meza leo hii. Isipothibitika, aliyesema ndiye atakayejibu."

Nikamwona Mama Kulwa anashika kona ya meza. Ile meza ndiyo inawasomesha pacha wake, Kulwa na Doto. Roho iliniuma kidogo. Lakini nikajiambia, hata yule wa Geita alikuwa na watoto.

"Una ushahidi?" mzee akaniuliza.

Hapo ndipo ujuzi wa shimoni uliponiponza. Mchimbaji mzoefu hakubali kuchaguliwa gunia la mawe. Anachagua mwenyewe, anatwanga mwenyewe, anaosha mwenyewe, na jicho halibanduki mpaka mwisho. Nikanyoosha kidole kwa jike mwingine, mweusi mwenye mabaka meupe, tumbo limetanda pande zote mbili.

"Na huyu unasema ana mimba?"

"Tena imefika mwisho," akasema Mama Kulwa. "Mshike taratibu."

"Huyu kashiba majani tu. Huyu ndiye sampuli yangu, simwachii mpaka tuone kinachotoka!"

Nikavua kofia yangu ya pama, nikamweka ndani, nikaipakata mapajani, nikaizungushia mikono yote miwili. Asinibadilishie mtu. Kila aliyesogea nilimwangalia vibaya. Hata muuza kahawa aliyekuja na birika lake nilimwambia apitie mbali.

Kisha nikaanza kufundisha. Ndugu zangu, nilifundisha! Nikaeleza kiota, nikaeleza watoto wekundu, nikaeleza upofu. Nikasema, "Mnyama wa jamii ya panya, Mzee Masanja, kisayansi, huzaliwa kipofu!" Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayejifunza. Nikapata nguvu. Nikaanza habari za meno.

Kofia ikatikisika. Nikahisi joto mapajani. Nikajua sampuli imekojoa. Nikaendelea, msomi hakatishwi na mkojo.

Watu wakaacha shughuli zao. Wengine wakasogea mbele, wakanyoosha shingo. Nikasema moyoni, leo hoja zimewaingia.

"Kaka," akasema yule muuza dagaa, safari hii kwa sauti ndogo, "hebu tazama kofia."

Nikatazama.

Kulikuwa na mtoto. Kalowa, lakini manyoya tele. Mama yake alikuwa anamlamba uso. Akaulamba mpaka ukafunuka, na macho mawili meusi, wazi kabisa, yakanitazama mimi mwalimu wao. Kabla sijafunga mdomo, akatoka wa pili. Naye akanitazama.

Mzee Masanja akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Endelea, mwanangu. Ulikuwa unasema wanazaliwa vipofu."

Soko lililipuka. Kuna mtu alianguka kwenye viazi. Muuza kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini.

Kumbe Mzee Masanja alikuwa bwana mifugo mpaka alipostaafu! Ndiye aliyemfundisha Mama Kulwa kufuga. Nikamuuliza, kwa sauti iliyobaki, kwa nini hakunizuia.

"Ningekuzuiaje? Ulikuwa unafundisha." Halafu akatueleza kwa upole. Asili ya hawa ni nyanda za juu za Amerika ya Kusini, huko hawachimbi mashimo kama panya wetu. Wanazaa juu ya ardhi, kwenye majani, na kila adui anawaona. Kwa hiyo mama anabeba mimba zaidi ya miezi miwili, ilhali panya wa shambani hata mwezi hafikishi. Mtoto anamalizia kukua tumboni, anatoka na manyoya, macho na meno. Siku hiyohiyo anakimbia, anaonja majani. "Asiyekimbia huko analiwa," akasema, akinitazama goti.

Mama Kulwa alikuwa amekuja karibu yangu. Hakucheka. Akachukua kofia, watoto, mama na yote, akaipeleka bandani. Nikasimama nikamwambia mbele ya wote kwamba nimekosa, jina lake ni safi, nimelichafua mimi.

"Nimesikia," akasema.

"Sasa... utaniuzia yule wa jana na watoto wake?"

"Yaya, sitaki! Nikuuzie wewe? Umempakata mwenye uchungu robo saa nzima ukadhani anakojoa!"

Mzee Masanja akatoa hukumu: miezi miwili namkatia Mama Kulwa majani, gunia moja kila siku, nifike sokoni saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nikimaliza bila kukosa hata siku moja, yeye Mama Kulwa ataamua kama nafaa kupewa mnyama.

Nimempigia dada simu, nikamweleza yote. Amecheka mpaka simu ikakatika. Akapiga yeye: "Miezi miwili sehemu moja, wewe? Chumba ni chako, na panga la kukatia majani nakununulia mimi."

Basi kuanzia kesho, mkikutana na mtu mzima anachechemea na gunia la majani kichwani, kichwa hicho hakina kofia, nawaomba kitu kimoja. Nisalimieni kawaida, mpite. Mwenye swali la baiolojia amuulize Mzee Masanja.