Kompyuta Isiyojikagua

Jumatatu, 3 Machi
Simu ya marehemu mke wangu inakata roho. Ndani kuna sauti yake, alirekodi wodini. Sekunde kumi na moja: "Mzee wangu, umekula? Usilale na njaa, nitajua." Hakuna nyingine. Nimenunua kompyuta kuukuu niihifadhi humo. Fundi kasema kumbukumbu yake ni ya kawaida, ikikosea haijijui. Eti kuna mashine zenye kumbukumbu inayojikagua, ila bei juu. Nimemwambia asinichune. Nimechanganya zege miaka ishirini, nani kanikagua?

Jumanne, 4 Machi
Msimamizi wa ujenzi kaniletea kopo. Kila toroli la mchanga, nitie kokoto moja, hesabu isipotee. Dharau! Kopo nimelitupa mtaroni. Kichwa ninacho.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, kaka wa marehemu, kanunua inayojikagua. Anatamba kama jogoo. Kaomba sauti ya dada yake. Nimempa, shingo upande. Kisha nikaihamishia kwenye kompyuta yangu, kwenye simu nikafuta. Mbili za nini? Mke alikuwa mmoja.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeifungua. "Mzee wangu, ume..." Halafu krrr mpaka mwisho. Nimezima, nimewasha. Krrr! Fundi kaipima. Kumbukumbu mbovu. Inaandika makosa na kuapa ni sawa. Sikula.

Ijumaa, 7 Machi
Nguzo ya zege langu la Jumanne inamomonyoka kwa kidole. Mchanga ulizidi. Msimamizi kauliza kopo liko wapi. Nimemwambia saruji ya siku hizi feki. Kanisimamisha wiki nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Kwa shemeji. Hakunicheka, na hilo ndilo limeuma. Kasema nije kusikiliza siku yoyote, ila nisiitie kwenye lile debe langu, maana imebaki hii tu. Akabonyeza. Yote, safi. "Mzee wangu, umekula?" Nikajibu bado, mbele za watu. Shemeji akageukia ukuta.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza. Mke wangu kulala kwa watu si heshima. Kompyuta nimeifuta vumbi, nimeipiga makofi mawili, sasa ina adabu. Kesho shemeji yuko kazini, na mkewe ananiamini. Nitaihamisha sauti. Kwake nitafuta.

Mke alikuwa mmoja.