Kuinama Ghalani kwa Kikorea

Kwa Mjomba Selestini,
Lulindi, Masasi.

Shikamoo, Mjomba. Ninaandika kwa heshima na kwa hofu, nikiwa nimejifungia stoo. Wewe ndiye uliyenitafutia ukarani huu wa ghala la korosho hapa Kitangari, kwa hiyo wewe ndiye wa kuninusuru.

Katibu Meneja wetu, Bwana Fortunatus, amesikia kwamba wanunuzi kutoka Korea watatutembelea. Ametuamuru makarani wote tujifunze Kikorea kwa wiki tatu. Atakayefeli mtihani hatathibitishwa kazini, nami bado niko kwenye majaribio. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwalimu wetu ni Kelvin, fundi simu, ambaye shahada yake ni tamthilia tatu za Kikorea, na moja hakuimaliza. Anajua kuomba radhi, kulia na kumposa binti wa tajiri. Korosho hajazifikia.

2. Wakorea wana hesabu za namna mbili: moja ya vitu, nyingine ya tarehe na fedha. Bwana Fortunatus, ambaye huhesabu magunia kwa kuyagusa moja moja na bado akapotea njiani, anatudai zote mbili.

3. Kila anayeingia ghalani tumwambie "anyong haseyo" huku tumeinama. Shikamoo ni marufuku hadi wageni waondoke. Juzi nilimwinamia Bibi Dorika, mkulima aliyeleta korosho zake kupimwa. Alidhani nimeangusha kitu, akainama naye kunisaidia kutafuta. Alipoelewa, aliketi juu ya gunia lake akaitangazia foleni nzima: "Mtoto wa Severina kasoma mpaka kaacha kuamkia wakubwa! Nani kamlea huyu?" Wakulima wakajibu kwa pamoja: "Mjomba wake!"

4. Kwa hiyo anayetukanwa sasa ni wewe.

Ninaomba uje Jumatatu umweleze Bwana Fortunatus kwamba Wakorea ndio wajifunze shikamoo. Wafanyiwe mtihani getini, na watakaofeli warudi kwao bila kuonja hata korosho moja. Tafadhali usiseme kwamba nimekuandikia.

Mfikishie shikamoo yangu Mama Theodora, na watoto wote uwape salamu.

Ni mimi mpwa wako, mtiifu kwako na kwa kila mkubwa,
Christopher.

N.B. Kabla sijaituma barua hii, mtihani umefanyika. Nimeongoza. Nimethibitishwa kazini, tena nimewekwa mlangoni kusimamia maamkizi. Kwa hiyo usije, Mjomba. Ukilazimika kuja, jifunze kwanza kuinama vizuri, maana asiyeinama simpitishi, hata awe mjomba wa mtu.