Mawe Yamepakwa Rangi, Kinyama Changu Bado

Nazari Hyera,
Mpepai, Mbinga.
Jumamosi, tarehe 21 Juni.

Kwa Bwana Mkuu wa Maabara ya Vinyama,
Hospitalini kwenu.

YAH: MAWE YA HOSPITALI KUPATA RANGI KABLA YANGU

Mheshimiwa Bwana Mkuu,

Kama unanizidi umri, pokea shikamoo yangu. Kama nakuzidi, nitaisubiri yako, maana kusubiri nimeshazoea. Mimi ni mkulima wa kahawa, mzee wa miaka sitini na minne, na katika chama chetu cha ushirika huu ni mwaka wangu wa kumi na saba kwenye kamati ya sampuli. Barua zangu zote husomwa kwanza na mke wangu Walburga, yaani Mama Ottilia, mwalimu mstaafu wa Kigonsera, ambaye huzisahihisha kwa kalamu nyekundu kabla hajazipeleka posta. Kwa hiyo ukiona kosa la lugha humu, lalamika kwake. Mengine yote ni yangu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Tangu mwaka jana nilikuwa naona damu nikienda chooni. Nikasema ni pilipili. Nikaacha pilipili, damu haikuacha. Jumatano Kuu, kabla ya Pasaka, daktari wenu aliniingiza kamera kwa njia ya nyuma, akaona uvimbe kwenye utumbo mpana, akanyofoa kinyama kidogo kama punje ya mtama ili mkipime kama ni saratani. Akaniambia ikigundulika mapema inakatwa na mtu anarudi kwenye kahawa yake. Ikichelewa, hapo hakumalizia, akaanza kupanga karatasi zake. Leo ni wiki ya tisa na sijui nina nini. Ndiyo maana nalalamika, kama ifuatavyo.

1. Kuhusu uchukuaji wa sampuli. Sisi tukipima kahawa hatuchomi bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, sehemu moja tu ya gunia. Tunachoma juu, katikati na chini, mwenye gunia akiwa anaangalia, ndipo daraja linatangazwa. Daktari wenu alikwenda moja kwa moja palipo pabaya, akanyofoa hapo hapo. Kwa mtindo huo hakuna kahawa ya Mbinga ingewahi kupata daraja la kwanza. Utumbo wangu una sehemu nzuri nyingi, na hazikuulizwa. Halafu daktari mwenyewe ni wa umri wa mkwe wangu. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, nikaitika marahaba, kisha akaniomba nigeukie ukutani. Sijui mila za kwenu, lakini huku kwetu baada ya marahaba mtu huulizwa kwanza habari za nyumbani.

2. Kuhusu rangi. Nilipofuata majibu mara ya kwanza, binti yenu wa dirishani, Lidia, alinieleza vizuri na sina ugomvi naye. Alisema kinyama hulowekwa kwenye dawa, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha kikawekwa kwenye kioo na kupakwa rangi mbili, ya zambarau na ya waridi, kwa sababu bila rangi hata bingwa akichungulia kwenye hadubini haoni kitu. Nikamwambia basi pakeni. Akasema rangi imeisha, imeagizwa. Nikarudi baada ya wiki mbili, bado imeagizwa. Mara ya tatu nikakuta mazingira yamependeza, kumbe kuna mgeni rasmi anakuja. Geti limepakwa bluu, miti imepakwa chokaa mpaka kiunoni, na mawe ya njia yote, kutoka getini hadi chumba cha maiti, ni meupe pe. Nilisimama nikayahesabu hadi mia moja na kumi na mbili, nikachoka. Sikuona hata jiwe moja lililoambiwa kwamba rangi imeagizwa.

3. Kuhusu msaada wangu kukataliwa. Mimi si mtu wa kulaumu huku nimekunja mikono. Nilishuka mpaka Lituhi, ziwani, kwa shemeji yangu Benadetha anayesuka mikeka, akanipa pakiti mbili za rangi ya ukindu, zambarau moja na waridi moja, rangi zile zile alizozitaja Lidia. Nikazileta dirishani kwenye mfuko safi. Lidia alizipokea kwa mikono miwili, akaziangalia, kisha akainama chini ya meza muda mrefu kama anayetafuta kalamu. Alipoinuka, macho yalikuwa yamelowa. Akanishukuru sana, akasema hizi haziwezi kazi hiyo. Bwana Mkuu, mkeka wa Benadetha umekaliwa kwenye misiba sita, umefuliwa ziwani na kuanikwa juani miaka tisa, na rangi iko pale pale. Nionyeshe jiwe lenu moja litakalofika Krismasi.

4. Kuhusu ugonjwa wenyewe. Inaonekana mlinijulisha mimi peke yangu kwamba rangi imeisha, ugonjwa hamkuujulisha. Mimi nasubiri, wenyewe unachapa kazi. Hauna likizo wala sikukuu. Tangu Pasaka mkanda wangu wa suruali nimeutoboa matundu mawili kwa msumari. Naomba ofisi yako iuandikie barua yenye mhuri, kuuagiza usimame hapo ulipo hadi vifaa vifike. Ukikaidi, uitwe mbele ya kamati ya nidhamu.

5. Kuhusu ufufuko. Sisi ni Wakatoliki, tunasadiki ufufuko wa miili. Nikifa kabla ya rangi, nitazikwa Mpepai na kinyama changu kitabaki kwenu ndani ya nta. Siku ya mwisho wenzangu watapanda, mimi nitalazimika kupitia kwanza dirishani kwa Lidia, niambiwe nirudi baada ya wiki mbili.

Kwa hayo yote, ombi langu ni moja. Kwa kuwa kwenu rangi hufuata mgeni, naomba aalikwe mgeni rasmi mwingine haraka iwezekanavyo, na katika ratiba yake, baada ya kwaya na kabla ya chakula, iandikwe kwamba atatembelea kinyama cha Nazari Hyera. Nina hakika siku moja kabla kitakuwa kimeshapakwa. Hilo likishindikana, kihesabiwe kuwa jiwe. Kiwekwe kando ya njia, popote karibu na geti, nami sitadai cheo kingine.

Nisalimie Lidia. Msalimie daktari, na umwambie nyumbani hawajambo, maana hakuuliza. Msalimie bingwa wa hadubini, ambaye ataniona kwa ndani kabla hatujaonana kwa nje. Msalimie pia fundi aliyepaka mawe, kazi yake kwa kweli ni safi. Na mawe yenyewe, yote mia moja na kumi na mbili, pamoja na yale ambayo sikuyafikia.

Wako niliye kwenye foleni,
Nazari Hyera.

Nyongeza: Bwana Mkuu, futa namba mbili hadi tano. Namba moja ibaki. Rangi ilifika. Jumapili iliyopita baada ya misa, katekista wetu aliyekuwa ametoka kwenu alinikabidhi bahasha aliyopewa na Lidia, yenye mhuri wenu na jina langu. Waliouliza niliwaambia ni karatasi za ushirika. Leo ni siku ya sita na sijaifungua. Barua hii yote nimeiandikia juu yake, na kalamu imeacha alama. Niliposema sijui nina nini sikudanganya. Wiki nane zilikuwa zenu. Hii ya tisa ni yangu mwenyewe, na ugonjwa haujali ni ya nani. Naogopa, Bwana Mkuu. Ni hilo tu.

Mama Ottilia, najua umefika hapa na kalamu yako nyekundu. Bahasha nimeificha kwenye debe la mbegu ya mahindi. Fungua wewe, usome mpaka mwisho. Mimi niko kule chini shambani, kwenye mashimo yetu ya ngolo, nang'oa maharage. Usimtume mtu. Njoo mwenyewe, na vyovyote itakavyokuwa, anza na habari za nyumbani.